Aliyekuwapo Alipoanguka

Mgonjwa wa kifafa ndiye mtu pekee nyumbani ambaye hajapata kuuona ugonjwa wake. Akizinduka anakuta watu wamemzunguka, nguo zimelowa, ulimi unauma ukingoni, na kila aliyesimama pale anajua jambo ambalo yeye halijui. Tabibu anayemgeukia na kumwuliza, "Huwa unajisikiaje?" amemwuliza asiyekuwapo.

Chuoni hili lilisemwa kwa sentensi moja, tukapita. Mimi nililisoma upya katika kata ya Daa, wilayani Karatu, nilikokuwa afisa tabibu wa zahanati: udongo mwekundu, mahindi na mbaazi, asubuhi za baridi ambazo wagonjwa hufika wamejifunika mashuka mpaka puani. Wenye kifafa niliwatambua kabla hawajaketi, kwa makovu. Mwingine paji la uso, mwingine kiganja kilichojikunja baada ya kuungua. Kupika kwetu ni kwa mafiga, na anayeanguka jikoni huangukia moto. Lililo baya zaidi ni imani, iliyoenea sehemu nyingi za nchi hii, kwamba povu la mwenye kifafa huambukiza. Mtu anaweza kuungua hatua mbili kutoka kwa jamaa zake, nao wamesimama wanalia, wakisubiri atulie ndipo wamvute. Vidonda vya namna hiyo nimevifunga kwa mikono yangu. Nikisikia mtu anauliza elimu ya afya ina faida gani, vidonda hivyo ndivyo ninavyovikumbuka.

Katika familia zetu baba ndiye msemaji. Siku moja alikuja baba na binti yake wa miaka kumi na kitu. Baba amevaa koti, ameweka daftari la kliniki mapajani, na majibu yake mafupi. "Huanguka, dokta. Anaanguka tu." Anaanza vipi? "Anaanguka." Mara ya mwisho nani alikuwa naye? Hapo mzee akatazama ukuta. Mama alikuwa shambani, yeye alikuwa mnadani. Aliyekuwapo ni mdogo wa yule binti, mtoto wa darasa la pili, ambaye wakati huo alikuwa nje amekalia dumu la maji kwa sababu hakuna aliyefikiri ana la kusema.

Nilimwita ndani. Shikamoo yake hata haikusikika. Nikamwomba anionyeshe, asiniambie. Akavuta shavu lake la kulia kwa kidole. "Mdomo unaanza kwenda huku." Kisha akatikisa kidole gumba cha mkono wa kulia, kisha kiganja, kisha mkono wote. "Halafu ananiangalia lakini hanioni. Halafu ndiyo anaanguka." Baba yake alimtazama kama anayemwona kwa mara ya kwanza. Nami nikaandika katika rejista ya takwimu ya MTUHA neno moja, kifafa, maana nafasi yenyewe haitoshi zaidi ya hapo, lakini kwenye karatasi ya rufaa niliandika kila alichoonyesha yule mtoto, kwa mpangilio uleule.

Mpangilio huo una uzito kuliko unavyodhaniwa. Upande wa kulia wa mwili huongozwa na upande wa kushoto wa ubongo, na uso, gumba na mkono vina sehemu zao zilizopakana juu ya ubongo. Mtetemeko unaoanzia mdomoni ukahamia gumba, kisha mkono mzima, unafuata njia hiyo ya ndani. Aliyeligundua hili ni John Hughlings Jackson, daktari wa London wa karne ya 19, na hakuwa na kipimo chochote cha kupiga picha. Alikuwa na macho na subira. Mke wake mwenyewe alipatwa na degedege za aina hiyo za upande mmoja. Kwa kutazama kinachoanza na kinachofuata, Jackson alidai kwamba kuna sehemu maalumu ya ubongo inayotawala mwendo wa viungo, nayo imepangwa. Mwaka 1886 mpasuaji Victor Horsley alifungua fuvu la kijana mwenye kifafa mjini London mahali yeye na wenzake walipokubaliana hasa kwa kusikiliza na kutazama mitetemeko yake, akakuta kovu pale pale walipolitarajia, akalitoa. Picha za CT zilikuja baada ya miaka karibu 90. Katika muda huo kisu kiliongozwa kwa sehemu kubwa na ushahidi wa mtu aliyekuwapo.

Nilianza kulielewa jambo hili kwa uzito wake nilipowaona madaktari wa mishipa ya fahamu wakifanya kazi mjini Karatu. Hospitali ya FAME, ambayo ilianza kama zahanati mwaka 2008 kwa juhudi za Dokta Frank Artress na mkewe Susan Gustafson, ilipata bahati ya kumvuta Michael Rubenstein wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Yeye amekuwa akija mara kwa mara na wanafunzi wake wa ubingwa, wakifanya kliniki hospitalini na kwenda vijijini, sehemu kama Kambi ya Simba, Kitete na Mang'ola. Tanzania ina madaktari wa fani hiyo wachache mno, na wengi wao wako Dar es Salaam. Hapa kwetu, kilomita chache kutoka lango la Ngorongoro ambako watalii hupita wakiwa wamejifunga skafu za vumbi, bibi wa kijijini anaweza kuketi mbele ya bingwa. Nilitarajia mitambo. Nilichokiona ni maswali. Alikuwa macho au usingizini? Macho yalikuwa wazi au yamefumbwa? Kichwa kiligeukia wapi? Alipozinduka aliweza kusema mara moja? Mkono gani ulichoka baadaye? Mgonjwa mmoja alichukua muda ambao mimi zahanatini ningewaona wanane, na mara nyingi walikuwa wakizungumza na jirani, si na mgonjwa.

Kati ya maswali yao yote, moja ndilo lililotia watu baridi: katika ukoo kuna mwingine?

Nawaelewa wanaolikwepa. Kabla ya posa wazee hupelelezana kimyakimya, na nyumba yenye kifafa huweza kukosa wakwe. Kwa hiyo ushahidi wa ukoo hutolewa kwa vipande. Asubuhi hakuna mwingine kabisa. Baada ya chai anatokea shangazi mmoja "aliyekuwa na kizunguzungu". Mkiwa mlangoni mnaagana, bibi anakumbuka mjomba aliyezama mtoni akiwa kijana, na hakuna aliyejua kwa nini mtu aliyeweza kuogelea azame kwenye maji ya magoti. Nilijizoeza kutoandika jibu la swali hilo mpaka watu wawe wamesimama.

Faida ya kujua ipo, ingawa si ile watu wanayoiogopa. Watoto wengi wa mzazi mwenye kifafa hawapati kifafa. Hatari yao ni kubwa kiasi kuliko ya wengine, basi. Lakini zipo aina ambazo jeni moja huleta mzigo wote. Watoto wenye ugonjwa wa Dravet, ambao wengi wao wana hitilafu katika jeni iitwayo SCN1A, huanza degedege za homa wakiwa hawajafikisha mwaka mmoja, na wakipewa karbamazepini, dawa ya kawaida kabisa katika makabati yetu, wengi huzidi kuugua. Mama anayesema, "Tangu aanze vidonge hivi ameharibika," hupuuzwa kwa urahisi. Huenda yeye ndiye kipimo cha jeni pekee kitakachofika Daa kwa muda mrefu.

Lakini ushahidi wa ukoo unaweza pia kudanganya, na mfano mzuri kuliko yote uko hapahapa nchini, Mahenge. Louise Jilek-Aall, daktari kijana kutoka Norway, alifika Tanganyika mwaka 1959 na akawakuta miongoni mwa Wapogoro watu wengi mno wenye kifafa, wametengwa, wengine wakiishi vibandani pembeni mwa nyumba na kula peke yao. Akawafungulia kliniki, akawapa fenobabito, akawaandika. Miongoni mwa watoto aliwaona baadhi waliokuwa wakisinzia kwa kuinamisha kichwa tena na tena, dalili ambayo miaka mingi baadaye ingeitisha dunia kaskazini mwa Uganda kwa jina la ugonjwa wa kutikisa kichwa. Na aliona jambo jingine: kifafa kilikwenda kwa familia. Mwaka 1995 yalichapishwa matokeo ya uchambuzi wa jamaa wapatao 1,600 wa familia 20 za huko, na hesabu ziliashiria urithi, jeni moja kubwa ikisaidiwa na nyingine ndogondogo. Ukisoma takwimu hizo unaridhika. Nyumba zenye kifafa zilikuwa na kifafa, nyumba zisizo nacho hazikuwa nacho.

Ila familia hazirithi damu peke yake. Hurithi pia shamba, kisima na njia ya mtoni. Mahenge ni nchi ya mito inayokwenda kasi, na kwenye maji ya kasi huzaliana inzi weusi wanaoeneza minyoo ya usubi. Watafiti waliofuata, wakiwamo Andrea Winkler na wenzake, kisha kikundi cha Robert Colebunders kwa kushirikiana na watafiti wa Tanzania, walikuta kifafa kingi zaidi pale usubi ulipo mwingi. Namna hasa mnyoo huo unavyouvuruga ubongo bado inachunguzwa, lakini uhusiano umeonekana katika nchi kadhaa za Afrika. Hii haina maana kwamba wale wa 1995 walikosea kuhesabu. Huenda jeni ina sehemu yake. Lakini tazama tofauti ya hatua zinazofuata. Ukiambiwa ni ukoo, unavunja posa. Ukiambiwa ni inzi, unagawa dawa ya usubi kwa kijiji kizima na kuisimamia inywewe kila mwaka.

Tangu nisome habari hiyo, nikiuliza ukoo nauliza na maji. Mnachota wapi? Wale wajomba walikua nyumba ileile? Walioolewa wakahama, wao wanaanguka?

Kwetu si usubi. Kwetu, na kwa majirani zetu wa Mbulu, ambao kwa lugha na ndoa ni sisi wenyewe, mtuhumiwa mmoja ni nguruwe, na nyuma ya nguruwe ni choo. Winkler na timu yake walipita nyumba kwa nyumba karibu na Haydom katika miaka ya mwanzo ya 2000, wakawahoji watu takriban 7,400, wakakuta kifafa kwa karibu watu 9 katika kila 1,000 kilichokuwa bado kinawasumbua. Katika utafiti mwingine, walipowapiga picha za CT zaidi ya wagonjwa 200, karibu asilimia 18 walikuwa na alama za vifuko vya mabuu ya tegu ndani ya ubongo. Helena Ngowi wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine naye alikagua ndimi za nguruwe wilayani Mbulu na kuchapisha mwaka 2004 kwamba karibu asilimia 17 walikuwa na vinundu. Wafugaji wanavijua vinundu hivyo vizuri. Humfungua nguruwe kinywa mnadani, wakipapasa ulimi, na bei hushuka hapo hapo. Wasichokijua ni kwamba nyama hiyo isipoiva humpa mlaji tegu tumboni tu, na kwamba mayai ya tegu yanayotoka kwa kinyesi cha huyo mlaji ndiyo yanayopeleka mabuu kichwani kwa mwingine, kwa mboga isiyooshwa au mkono usionawa. Nimekuwa na mgonjwa ambaye hajapata kula nguruwe maishani mwake, mtu wa dini, akaona nimemtukana nilipomtaja mnyama huyo. Ilinibidi nimweleze habari ya jirani yake na choo cha jirani yake, na hapo tukawa tumeingia katika ugomvi mwingine kabisa.

Yule binti wa mdomo kwenda kulia, picha yake ilionyesha kovu dogo lililoganda kama chokaa, upande wa kushoto, juu kidogo ya sikio. Kovu la tegu la zamani, walisema madaktari. Hakuhitaji kisu. Alihitaji dawa kila siku bila kukatiza, na mtu wa kumkumbusha, nayo kazi hiyo alipewa yule mdogo wake. Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 70 ya wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka wakipata dawa ifaayo. Fenobabito imetumika tangu 1912 na ni rahisi. Kinachokatisha tamaa ni namna inavyokosekana. Inaisha zahanatini, familia inasubiri mgao, na kukatiza ghafla huweza kuleta degedege mfululizo zisizokoma, ambazo huua. Kwa mtu aliyezoea dawa, wiki moja ya kabati tupu ni hatari kubwa. Sijawahi kuona jambo hili likiandikwa kwenye tangazo lolote la ukutani, na lingestahili.

Kisu nacho kimefika upande wetu, kwa njia ambayo vitabu vya tiba havikuitarajia. Mwaka 2006 Dilan Ellegala, mpasuaji wa ubongo wa Marekani mzaliwa wa Sri Lanka, alifika Hospitali ya Kilutheri Haydom. Nchi yenye watu karibu milioni 40 ilikuwa na wapasuaji watatu wa fani yake. Hospitali haikuwa na msumeno wa kufungulia fuvu. Alipoletewa mtu aliyeumia vibaya kichwani, alinunua kwa mkulima msumeno wa waya wa kukatia miti, ukasafishwa kwa kuua vijidudu, akamfungua mgonjwa nao, na mgonjwa akapona. Watu hupenda kusimulia habari ya msumeno. Mimi napenda zaidi kilichofuata. Ellegala aliona kwamba ataondoka, akamchagua Emmanuel Mayegga, daktari msaidizi, ngazi moja tu juu yetu sisi maafisa tabibu, akamfundisha kwa miezi kadhaa kutoa damu iliyoganda, kuondoa uvimbe na kutibu vichwa maji, kisha akamfundisha kufundisha. Mayegga akamfundisha mwingine, naye akamfundisha wa tatu. Wapo mabingwa walionuna, na sababu zao hazikuwa za kijinga; ubongo si mahali pa kujaribia. Lakini mwenye damu iliyoganda ndani ya fuvu hana saa za kufika Muhimbili. Matokeo ya kazi yao yalichapishwa mwaka 2010, na yeyote mwenye mashaka anaweza kuyasoma.

Nasema hivyo kwa sababu ya bodaboda. Vijana wetu huendesha bila kofia ngumu kwenye barabara za makorongo, na nililetewa mmoja jioni moja akiwa analala fofofo, amenuka pombe. Waliomleta walikuwa na hakika ni pombe. Nilimwuliza aliyempakia: alipoanguka alikuwaje? "Alizimia kidogo, akaamka. Akakaa. Akaomba soda, akanywa nusu. Akacheka na sisi. Ndipo akasema kichwa, akalala." Ile soda ndiyo iliyonisimamisha. Mlevi hazimii, akaamka akiwa na akili timamu, akalala tena akizidi kuzama. Anayefanya hivyo mara nyingi ana mshipa unaovuja kati ya fuvu na utando wa ubongo, na nafasi ile anayocheka na kunywa soda ni muda wa damu kujaa. Sikuwa na chombo cha kuthibitisha zaidi ya tochi na mboni ya jicho moja iliyoanza kupanuka. Tulitafuta gari usiku huohuo, akafika panapopasuliwa, akatolewa damu. Leo analima vitunguu Mang'ola na ana kovu la duara ambalo watoto hulitazama kwa heshima. Aliyemwokoa hajui kwamba alimwokoa. Alisimulia tu habari ya soda.

Nchini Uganda, hospitali ya watoto ya CURE iliyoko Mbale imekwenda mbali zaidi ya dharura. Benjamin Warf alikuta huko kwamba zaidi ya nusu ya vichwa maji vya watoto vilitokana na maambukizi ya utotoni, akabuni njia ya kupitisha kamera nyembamba ndani ya ubongo, kutoboa mkondo mpya wa maji na kuchoma sehemu ya tishu inayoyazalisha, ili mtoto asitegemee mrija unaoweza kuziba akiwa kilomita mia kutoka kwa mpasuaji. Humohumo Mbale walithubutu upasuaji wa kifafa kisichosikia dawa. Katika jaribio la kwanza lililochapishwa mwaka 2009 walipasuliwa watu 10 sehemu ya pembeni ya ubongo, na 6 waliacha kabisa kuanguka. Idadi ni ndogo, lakini kabla ya kugusa kichwa cha yeyote kati yao ilibidi pajulikane mahali degedege linapoanzia, na kazi hiyo huanza kwa ndugu kueleza kama mgonjwa hutafunatafuna midomo, kama hufungua vifungo vya shati bila sababu, kama hunusa harufu isiyokuwapo.

Hata utafiti wa jeni unaotajwa sana siku hizi huanzia kwenye mlango wa mtu. Mwaka 2023 kilitangazwa kibadala cha jeni GBA1 ambacho huongeza hatari ya ugonjwa wa Parkinson kwa watu wenye asili ya Kiafrika: mara 1.5 kwa mwenye nakala moja, karibu mara 3.5 kwa mwenye mbili. Kwa Wazungu karibu hakionekani, ndiyo maana miaka yote ya kuwachunguza Wazungu haikukiona. Sampuli nyingi za wagonjwa zilitoka Nigeria. Lakini ili upate damu ya mgonjwa, lazima kwanza mtu ajue ni mgonjwa, na wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, Catherine Dotchin na Richard Walker walipowatafuta wenye Parkinson katika watu 161,071, waliwapata 33 tu, na wengi wao hawakuwa wamepata kuambiwa ugonjwa wao. Jamaa walikuwa wameshaamua ni uzee. Baba mkono unatetemeka, anatembea kwa kuburuta, amekuwa mzito: uzee. Ninajiuliza ni wazee wangapi hapa Karatu wamekufa na uzee wa namna hiyo.

Siku hizi shahidi ana simu. Mwanzoni vijana waliorekodi walipigwa vibao, wakidhaniwa wanadhihaki, na kweli wapo waliodhihaki. Picha za watu wakianguka sokoni zimezungushwa kwenye makundi ya mitandao na ninaona ni uovu. Lakini mwaka 2020 utafiti wa Marekani ulionyesha kwamba bingwa anayetazama video ya simu hutambua aina ya degedege kwa usahihi mkubwa, hasa akiwa na historia ya mgonjwa mkononi. Kwa hiyo nilianza kuwaambia ndugu: kwanza mwondoe motoni, mlaze ubavu, usimtie kijiko wala ufunguo kinywani, kisha rekodi, mwili mzima, pamoja na uso na mikono yote miwili, mpaka atakapozinduka na kusema jina lake.

Kijana mmoja wa kutengeneza baiskeli alinirekodia dada yake. Msichana alikuwa amekula fenobabito kwa muda mrefu bila nafuu, anasinzia darasani, ameambiwa na wenzake kwamba amelogwa. Katika video anatetemeka mikono na miguu kwa zamu, anapumzika, anaanza tena, kichwa kinakwenda huku na huku, na macho ameyafumba kwa nguvu muda wote. Degedege la kifafa kwa kawaida huacha macho wazi. Daktari wa mishipa ya fahamu aliitazama mara mbili, akazungumza na msichana peke yake kwa saa nzima juu ya nyumbani, kisha akaagiza vidonge vipunguzwe polepole na apelekwe kwa mshauri. Hakuwa na kifafa. Alikuwa na jambo jingine, la kweli, ambalo mwili ulikuwa ukilisema kwa niaba yake, na ambalo si langu kulisimulia.

Walinipa ruhusa ya kuitumia video hiyo, uso wake ukiwa umefichwa isipokuwa macho, na ninapoitwa kuwafundisha wahudumu wapya wa afya wa vijijini huwaonyesha. Huwaomba waitazame kwanza bila sauti. Nikiacha sauti, bibi anayekemea pepo nyuma ya kamera anakuwa na nguvu mno, nao wote hugeuka kutazama mlangoni kwenye video kuona kama kuna kitu kinachotoka, na hakuna hata mmoja anayeniambia macho yalikuwaje.